Kumuua au Kumshtaki Kiongozi wa Magaidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sheria, walimu wa Uraia, viongozi wa dini na wananchi wa Arusha na Moshi wanaotaka kulijadili jambo hili kwa hoja. Msimamo wetu hatuufichi: mtu anayeweza kukamatwa akamatwe, apelekwe mbele ya mahakama ya kweli, hata kama ameua maelfu. Kuna hali ambazo kumuua ni halali, lakini ni chache kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nini mjadala huu unaihusu Arusha?

Kwa sababu njia ya mahakama imejaribiwa hapa kwa miaka 20. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda kwa Azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, na Februari 1995 Azimio namba 977 likaiweka Arusha. Kesi zilisikilizwa ndani ya jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, mahabusu wakiwa Kisongo. Watu 93 walishtakiwa. Kati yao 62 walihukumiwa vifungo, 14 wakaachiwa huru, 10 wakahamishiwa mahakama za nchi mbalimbali. Waliobaki walifariki kabla ya hukumu, walifutiwa mashtaka au waliendelea kutafutwa. Mashtaka yao yalikuwa ya mauaji ya kimbari na makosa ya aina hiyo, hayakuwa ya ugaidi. Lakini swali lilikuwa hili hili: mtu aliyepanga vifo vya umati, je, anastahili wakili, mkalimani na haki ya kukata rufaa?

Na ugaidi wenyewe tumeuona. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi zililipuliwa siku moja: watu 11 waliuawa Dar, 213 Nairobi. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kwa waumini waliokuwa kwenye uzinduzi wa kanisa la Parokia ya Mtakatifu Joseph Mfanyakazi, Olasiti, hapa hapa Arusha, likaua watu 3 na kujeruhi makumi.

Sheria inaruhusu kumuua kiongozi wa magaidi bila kumfikisha mahakamani?

Jibu linategemea kama pale alipo kuna vita au hakuna. Mabishano mengi ya vijiweni hukwama hapa, kwa sababu mmoja anazungumzia uwanja wa vita na mwenzake anazungumzia mtaa wenye kituo cha polisi.

Penye vita, yaani mapigano ya silaha yaliyofikia kiwango kinachotambuliwa na sheria ya kimataifa, mpiganaji wa kundi lenye silaha anaweza kushambuliwa kama askari wa upande wa pili. Kiongozi anayepanga na kuamuru mashambulizi yumo humo, hata kama yeye mwenyewe hashiki bunduki. Mpishi wake hayumo, wala mke wake, wala mhubiri anayemsifia, wala mfanyabiashara aliyemtumia fedha. Hao wanaweza kushtakiwa wakiwa na kosa, ila hawawezi kulengwa kwa kombora. Tena hata kiongozi mwenyewe akiwa shabaha halali, anayeshambulia lazima ahakikishe ni yeye kweli, achague silaha na saa itakayopunguza madhara kwa raia, na aache kabisa ikiwa vifo vya raia vinavyotarajiwa vinapita kiasi ukilinganisha na faida ya kijeshi.

Pasipo vita, sheria inayotumika ni ya polisi na haki za binadamu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto zinasema askari anaweza kukusudia kuua pale tu ambapo haiwezekani kabisa kuyaokoa maisha kwa njia nyingine. Kwa hiyo gaidi akiwa nyumbani amelala, mtaani hakuna mapigano, na polisi wanaweza kuizingira nyumba, kumpiga risasi kitandani ni mauaji. Katiba yetu iko wazi vilevile: ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi, na ibara ya 13(6)(b) inakataza kumtendea mtu kama mkosaji kabla haijathibitika kuwa ana hatia.

Ugomvi mkubwa uko kwenye mpaka kati ya hali hizi mbili. Tangu 2001 Marekani imekuwa ikidai kwamba vita inamfuata adui popote aendapo. Wanasheria wengi wa kimataifa wanalikataa dai hilo, nasi tunaungana nao. Likikubalika, nchi yoyote yenye ndege zisizo na rubani itaweza kumfuata mtu wake hadi stendi ya Moshi na kusema yuko vitani.

Na akinyoosha mikono?

Haruhusiwi kuuawa, vitani au pasipo vita. Aliyejisalimisha, aliyejeruhiwa asiweze kupigana, na aliyekwisha kukamatwa wote wamelindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Amri ya "msilete mateka" ni uhalifu wa kivita kwa anayeitoa na kwa anayeitekeleza.

Tunajuaje kama kumkamata kulikuwa kunawezekana?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, kwa sababu wahusika husema baadaye kwamba haikuwezekana, na mara nyingi hakuna wa kuwabishia.

Kuna hukumu mbili zinazosaidia. Ya kwanza ni ya Mahakama Kuu ya Israel, Desemba 2006, kuhusu mauaji ya kulenga. Mahakama ilikataa kuyapiga marufuku yote, na ilikataa pia kuyahalalisha yote. Iliweka masharti manne. Taarifa kuhusu mlengwa iwe imethibitishwa vizuri, na mzigo wa kuthibitisha ni wa jeshi. Asiuawe ikiwa anaweza kukamatwa bila kuhatarisha mno maisha ya askari. Baada ya shambulio ufanyike uchunguzi huru. Na madhara kwa raia yasizidi kiasi.

Ya pili ni ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, 1995. Tarehe 6 Machi 1988 makomando wa Uingereza waliwaua wanachama watatu wa IRA, kundi lenye silaha lililopigana kuiondoa Uingereza Ireland Kaskazini, mtaani Gibraltar, eneo la Uingereza linalopakana na Hispania. Askari walikuwa wameambiwa kwamba watu hao wana bomu kwenye gari na kwamba wanaweza kulilipua kwa kubonyeza kitufe mfukoni. Walipogeuka ghafla, wakapigwa risasi. Hawakuwa na silaha, hawakuwa na kitufe, na gari halikuwa na bomu. Majaji 10 dhidi ya 9 waliamua kwamba haki ya kuishi ilivunjwa.

Ukiisoma hukumu hiyo kwa makini, utaona kwamba majaji hawakuwalaumu askari waliofyatua risasi. Walikubali kwamba askari waliamini kweli walichoambiwa. Lawama iliwaangukia waliopanga. Kwa nini watuhumiwa waliachwa wavuke mpaka badala ya kukamatwa pale? Kwa nini makisio ya ujasusi yalifikishwa kwa askari kana kwamba ni mambo ya uhakika? Ukitaka kupima operesheni yoyote, anza na maswali ya namna hiyo. Nani alitoa taarifa, iliangaliwa mara ya pili na nani, timu ya kukamata ilikuwepo au walipelekwa wa kuua tu, gari la wagonjwa lilikuwa karibu? Operesheni isiyo na pingu wala daktari katika orodha yake haikukusudia kumkamata mtu.

Kosa la kumlenga asiyehusika hutokea kweli?

Hutokea. Tarehe 21 Julai 1973 maofisa wa Mossad, shirika la ujasusi la Israel, walimuua Ahmed Bouchiki, mhudumu wa mgahawa mwenye asili ya Moroko, katika mji wa Lillehammer nchini Norwe, mbele ya mke wake mjamzito. Walidhani ni Ali Hassan Salameh wa kundi la Kipalestina la Septemba Nyeusi. Tarehe 29 Agosti 2021 ndege ya Marekani isiyo na rubani ililipiga gari mjini Kabul ikiamini limebeba bomu. Waliokufa walikuwa raia 10, watoto wakiwa 7, na jeshi la Marekani lilikiri kosa hilo wiki kadhaa baadaye.

Mahakama nazo hukosea. Ila mtu akifungwa kimakosa, rufaa inaweza kumtoa.

Osama bin Laden je? Haikuwa haki auawe?

Sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kulitazama hili. Bin Laden alikuwa ameshtakiwa New York mwaka 1998 kwa milipuko ya Dar es Salaam na Nairobi, miaka mitatu kabla ya mashambulio ya Septemba 2001 nchini Marekani. Aliuawa Abbottabad, Pakistan, tarehe 2 Mei 2011, na mwezi uliofuata mahakama ya New York ikayafuta mashtaka yake, kwa kuwa mshtakiwa amekufa. Familia zilizopoteza watu wao Dar hazikumsikia akiulizwa swali hata moja.

Je, iliwezekana kumkamata? Serikali ya Marekani ilisema angekamatwa kama angejisalimisha waziwazi. Ikasema pia kwamba alipouawa hakuwa na silaha mwilini. Askari walikuwa gizani, katika nchi ambayo haikuwa na taarifa nao, na walikuwa na sababu ya kuhofia mabomu ya kujilipua. Mwenye haki atalipima hilo bila kuwaonea. Tunachokilaumu sisi ni kwamba hakuna chombo huru kilichochunguza na kutangaza kilichotokea ndani ya chumba kile, na bila hicho kila mtu amebaki na anachotaka kuamini.

Tena yeye si peke yake. Saleh Ali Saleh Nabhan aliuawa na makomando wa Marekani Somalia, Septemba 2009. Fazul Abdullah Mohammed aliuawa kwenye kizuizi cha askari Mogadishu, Juni 2011. Wote walitajwa kuwa vinara wa mtandao wa al-Qaeda wa Afrika Mashariki, wakazikwa na yote waliyoyajua kuhusu nani alitoa fedha na nani aliwahifadhi. Kinyume chake, kesi ya New York ya 2001 iliyowatia hatiani watu wanne, mmoja wao Mtanzania, iliacha maelfu ya kurasa za ushahidi wa viapo kuhusu jinsi milipuko ile ilivyopangwa. Karibu yote tunayoyajua leo kwa uhakika yametoka katika kesi.

Kumuua kiongozi hakumalizi kundi?

Kuna wakati humaliza. Jonas Savimbi wa UNITA, kundi la waasi wa Angola, aliuawa vitani tarehe 22 Februari 2002, na tarehe 4 Aprili mwaka huo huo makubaliano ya kusitisha vita vya Angola yakatiwa saini. Anayetetea kuua ana haki ya kuutaja mfano huo. Lakini UNITA ilikuwa imechoka, imekatiwa biashara ya almasi, na yote yalikuwa yakishikiliwa na mtu mmoja.

Mara nyingi mambo huenda vingine. Ahmed Abdi Godane wa al-Shabaab aliuawa kwa shambulio la anga tarehe 1 Septemba 2014. Siku chache baadaye kundi likatangaza kiongozi mpya, na tarehe 2 Aprili 2015 likaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa.

Mfano unaotuuma zaidi ni wa Nigeria. Julai 2009 jeshi lilimkamata Mohammed Yusuf, mwanzilishi wa Boko Haram, mjini Maiduguri, na kumkabidhi kwa polisi akiwa hai. Tarehe 30 Julai mwili wake ulionekana ukiwa na matundu ya risasi. Mtu huyu alikuwa mikononi. Angeweza kusimamishwa kizimbani, akaulizwa nani anamfadhili, wafuasi wake wakamwona akishindwa hoja na mashahidi. Badala yake aliyemrithi, Abubakar Shekau, alipata mfiadini wa kumlilia na kisasi cha kukilipa. Hatusemi kifo kile peke yake ndicho kilichozaa yaliyofuata, maana Kaskazini Mashariki mwa Nigeria kulikuwa na matatizo mengi. Ila Boko Haram ya baada ya 2009 ilikuwa ya kutisha mara nyingi zaidi, hadi kuteka wasichana 276 Chibok mnamo Aprili 2014.

Sasa linganisha na Peru. Abimael Guzmán, kiongozi wa kundi la waasi wa Kikomunisti la Sendero Luminoso, alikamatwa Lima tarehe 12 Septemba 1992 katika nyumba ya ghorofa yenye studio ya dansi. Polisi waliipeleleza nyumba hiyo kwa muda mrefu, wakipekua hadi takataka zake. Mwaka uliofuata akiwa gerezani aliomba mazungumzo ya amani, wafuasi wakagawanyika, kundi likanyong'onyea. Abdullah Öcalan wa PKK, kundi la Wakurdi lililopigana na Uturuki, naye alinaswa Nairobi Februari 1999 na kuhukumiwa kifo Uturuki, adhabu iliyobadilishwa kuwa kifungo cha maisha mwaka 2002. Februari 2025, kutoka gerezani, alilitaka kundi lake livunjwe, na Mei 2025 likatangaza kujivunja. Maiti asingeweza kutoa wito huo.

Kesi kubwa ya namna hii inaendeshwaje, hatua kwa hatua?

Tutaeleza ilivyofanyika hapa Arusha, kwa kuwa kumbukumbu zake ndizo tunazozifahamu vizuri.

Wapelelezi hukusanya maelezo ya mashahidi na nyaraka. Mwendesha mashtaka huandika hati ya mashtaka, na jaji mmoja huikagua: kuna ushahidi wa kutosha, au ni hasira tu? Akiithibitisha, hutoa hati ya kukamata. Mahakama ile haikuwa na polisi wake, kwa hiyo kukamata kuliachiwa nchi; Kanali Théoneste Bagosora wa jeshi la Rwanda alikamatwa Cameroon mwaka 1996. Akifikishwa Arusha mshtakiwa husomewa mashtaka kwa lugha anayoielewa na hupewa wakili wa kulipiwa kama hana uwezo. Kesi husikilizwa na majaji watatu, rufaa na watano. Kilichosemwa kilitafsiriwa papo hapo kati ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Hilo peke yake liliongeza muda wa kila swali, kwani shahidi husubiri tafsiri, hujibu, na jibu lake husubiriwa tena.

Mashahidi wengi waliogopa kuuawa wakirudi nyumbani. Waliitwa kwa herufi badala ya majina, wakakaa nyuma ya pazia ili watu wa ukumbini wasiwaone, huku jaji, mawakili na mshtakiwa wakiwaona. Ukumbi wa umma ulitenganishwa na mahakama kwa kioo. Ukivaa vifaa vya masikioni unachagua lugha. Yakifika mambo yanayoweza kumtambulisha shahidi, mapazia ya kioo yanafungwa na sauti inakatwa.

Aliyetiwa hatiani hufungwa katika nchi iliyokubali kumpokea, kama Mali, Benin au Senegal. Adhabu ya juu ilikuwa kifungo cha maisha. Bagosora alihukumiwa maisha Desemba 2008, rufaa ikapunguza hadi miaka 35 mwaka 2011, naye akafia kifungoni Mali mwaka 2021.

Nini huharibu kesi hizi?

Mateso kwanza. Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar alikamatwa Pakistan mwaka 2004 akituhumiwa kwa mlipuko wa Dar. Badala ya kupelekwa mahakamani, alifichwa katika magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kisha gereza la kijeshi la Guantánamo. Alipofikishwa New York, upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi muhimu: Mtanzania aliyekuwa tayari kueleza kwamba alimuuzia baruti. Oktoba 2010 Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo, kwa sababu jina lake lilipatikana kutokana na maneno aliyoyasema Ghailani alipohojiwa kwa kulazimishwa. Kati ya mashtaka 285, baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa 1 tu. Alifungwa maisha kwa hilo moja, lakini 284 yalianguka. Waliomtesa walidhani wanaisaidia haki, kumbe waliinyima familia za Dar hukumu kamili. Khalid Sheikh Mohammed, anayetajwa kuwa mpangaji wa mashambulio ya Septemba 2001, alikamatwa Machi 2003 na kuteswa mara 183 kwa kumwagiwa maji usoni ajione anazama. Zaidi ya miaka 20 imepita bila kesi yake kufikia hukumu, na mateso yale ni sehemu kubwa ya mkwamo huo.

Ucheleweshaji ni wa pili. Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waanzilishi wa redio ya chuki ya RTLM, alikaa mahabusu Cameroon na Arusha muda mrefu bila taratibu kufuatwa. Novemba 1999 majaji wa rufaa waliamuru aachiwe. Rwanda ikasitisha ushirikiano na mahakama. Machi 2000 majaji wakabadili uamuzi baada ya kupokea maelezo mapya, kesi ikaendelea, akapunguziwa adhabu kwa ukiukwaji ule. Makosa ya taratibu nusura yamwachie huru mtu wa namna hiyo.

Tatu, uzee na maradhi. Félicien Kabuga, aliyetuhumiwa kufadhili mauaji ya kimbari ya Rwanda, alikamatwa karibu na Paris Mei 2020 baada ya kujificha zaidi ya miaka 20. Mwaka 2023 majaji wakaona akili yake haimudu tena kesi, wakaisimamisha. Anas al-Libi, aliyetuhumiwa kwa milipuko ya 1998, alikamatwa Tripoli Oktoba 2013 na kufariki Januari 2015, siku chache kabla kesi haijaanza.

Nne, vielelezo. Kwa kesi za hapa nyumbani hili ndilo linaloangusha mashtaka mengi. Kila kielelezo kinachokamatwa kiandikwe kwenye hati ya ukamataji mali, isainiwe na shahidi huru, kifungwe, kiwekwe alama, na kila mkono uliokipokea uandikwe: nani, tarehe gani, saa ngapi, alimkabidhi nani. Pengo moja likitokea, wakili atauliza kama simu iliyoletwa mahakamani ni ile ile iliyokamatwa, na hakuna atakayejibu. Maelezo ya mtuhumiwa polisi yachukuliwe ndani ya saa 4 tangu akamatwe, labda muda uongezwe kisheria, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24.

Kizimba hakitakuwa jukwaa lake?

Atajaribu. Guzmán aliporudishwa mahakamani Novemba 2004, yeye na wenzake waliinua ngumi na kupaza kauli za kundi lao mbele ya kamera, kesi ikavunjika siku za mwanzo. Ikaanza upya bila kamera za televisheni, na mwaka 2006 akahukumiwa maisha. Jaji mkuu ana kitufe cha kuzima kipaza sauti, anaweza kumtoa mshtakiwa nje, anaweza kuchelewesha matangazo. Ukimya wa kaburi unampa sifa nyingi kuliko hotuba, maana marehemu haulizwi maswali na wakili mkali siku tano mfululizo.

Akiachiwa huru itakuwaje?

Ataachiwa. Mahakama isiyoweza kumwachia mtu huru haiamui kitu. Katika kesi ya Nuremberg, mwaka 1946, kati ya wakuu 22 wa Ujerumani ya Hitler waliohukumiwa, 12 walihukumiwa kifo na 3 waliachiwa.

Lakini Arusha ilionyesha tatizo ambalo waliounda mahakama hawakulipangia. Baadhi ya walioachiwa hawakuthubutu kurudi Rwanda na hakuna nchi iliyowataka. Walikaa miaka katika nyumba ya ulinzi hapa mjini, huru kwa hukumu lakini bila hati za kusafiri wala pa kwenda. Desemba 2021, watu wanane, walioachiwa na waliomaliza vifungo, walihamishiwa Niger, na wiki chache baadaye Niger ikaamuru waondoke. Anayetaka kuanzisha mahakama ya namna hii aandike mapema, kwenye mkataba wenyewe, nchi zitakazowapokea walioshinda kesi.

Je, kesi si kiini macho cha mshindi? Mangi Meli naye alishtakiwa.

Swali hili huulizwa sana Old Moshi, na linastahili. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha, wakiwatuhumu kupanga uasi. Kulikuwa na kitu kilichoitwa mahakama. Aliyeshtaki, aliyehukumu na aliyenyonga ni utawala ule ule wa kijeshi, hapakuwa na utetezi wa maana wala rufaa. Familia yake imelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi.

Kesi kama hiyo ni mauaji yaliyovishwa joho. Vipimo vya kesi ya kweli vinajulikana: jaji asiyepokea amri kutoka kwa anayeshtaki, wakili anayechaguliwa na mshtakiwa, muda wa kujiandaa, haki ya kuwahoji mashahidi, rufaa kwa watu tofauti. Kikikosekana kimoja, tusiitumie kesi hiyo kujisifu kwamba sisi hatuui ovyo. Na historia ya Meli itufanye tuwe waangalifu na jina lenyewe: watawala wengi huwaita wapinzani wao magaidi, na mahakama huru ndiyo inayoweza kuwaambia kwamba huyu siye.

Mahakama ya Afrika iliyopo hapa Arusha inaweza kumshtaki gaidi?

Kwa sasa haiwezi. Inasikiliza mashauri ya haki za binadamu dhidi ya nchi, haimshtaki mtu. Itifaki ya Malabo ya 2014 ingeipa mamlaka ya jinai, ugaidi ukiwemo, lakini inahitaji kuridhiwa na nchi 15 na bado ziko mbali na idadi hiyo. Itifaki hiyo pia inawakinga marais walioko madarakani, jambo tunaloliona kuwa kasoro kubwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague nayo haina kosa linaloitwa ugaidi. Humshtaki gaidi kwa uhalifu wa kivita au dhidi ya ubinadamu, kama ilivyofanya kwa Dominic Ongwen wa LRA, kundi la waasi wa Uganda, aliyefungwa miaka 25 mwaka 2021.

Tanzania yenyewe inafanyaje?

Tuna Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002. Makosa yake hayana dhamana, na hapo ndipo tunapotia shaka yetu. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walioshtakiwa kwa ugaidi walikaa mahabusu miaka mingi, hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoondoa mashtaka Juni 2021. Hawakutiwa hatiani wala hawakusafishwa. Anayesema "tumshtaki badala ya kumuua" lazima aseme pia "na kesi iishe", la sivyo mahabusu inakuwa adhabu yenyewe.

Dini zinasemaje?

Kwa ufupi: Kurani (5:32) inasema anayeiua nafsi isiyoua wala kufanya ufisadi katika nchi ni kama ameua watu wote, na kisasi cha kuua hupitia kwa hakimu, warithi wakiwa na haki ya kusamehe. Kanisa Katoliki tangu 2018 linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Zote mbili zinaruhusu kujilinda, na zote mbili haziruhusu kumuua bila hukumu aliyekwisha kufungwa pingu.

Mwananchi akimtambua mtuhumiwa anayetafutwa afanye nini?

Asimfuate, asimpige picha kwa karibu, asimtangaze kwenye makundi ya WhatsApp. Akae mbali, apige 112 au aende kituo cha polisi, na aandike mara moja, kabla kumbukumbu haijachakaa: mahali, saa, mavazi, namba ya gari au bodaboda, alikuwa na nani. Karatasi hiyo aihifadhi. Akiitwa kutoa maelezo, ayasome yote kabla ya kusaini na akatae sentensi ambayo hakuisema, hata kama ofisa anamwambia ni ndogo.

Wananchi wenye hasira kali wakimzunguka, jambo la haraka ni kumtoa mikononi mwao akiwa hai: aingizwe ofisi ya kata, dukani, kanisani, msikitini, popote penye mlango unaofungwa, hadi polisi wafike. Begi, simu au laini zake zisiguswe. Kama kuna kifurushi kinachotiliwa shaka, watu wasogezwe mbali, na asiwepo wa kukifungua ili kuhakikisha.